Doti Isiyokatwa: Kisa cha Pazia la Leso Mji wa Kale

Kisa chenyewe ni hiki. Akina mama wa chama kimoja cha Mji wa Kale, Mombasa, chama cha kawaida tu cha kuchangiana na kushikana mkono kwenye arusi na misiba, waliamua kutengeneza kitu cha nguo cha kukumbuka ule mwezi wa 2020 mtaa wao ulipofungwa kwa sababu ya korona. Wakamwita binti mmoja msanii wa nguo, mjukuu wa mmoja wao, aliyesomea ubunifu Nairobi. Kazi ikafanywa mara mbili. Ya kwanza ilisifiwa na kila aliyeiona na haikumgusa mtu. Ya pili ilizua ugomvi hata magharibi haijaingia, na mimi naiona hiyo ya pili ndiyo sanaa. Nilikuwapo zote mbili kwa kuwa niliombwa kuandika karatasi ya maelezo ya kubandikwa mlangoni. Majina ya watu sitayataja, wenyewe wanajijua.

Tarehe kwanza, maana watu wameshaanza kuzichanganya. Kafyu ya usiku ilikuwa nchi nzima tangu mwisho wa Machi 2020. Kaunti ya Mombasa ikazuiwa kuingia na kutoka kuanzia 8 Aprili, pamoja na Kilifi na Kwale. Halafu 6 Mei ikaja amri ya tatu juu ya hizo mbili: Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh ya Nairobi, asiingie mtu wala asitoke, siku 15. Zilipokwisha zikaongezwa, na mtaa haukufunguliwa hadi mapema Juni. Kaunti yenyewe ilifunguliwa 7 Julai. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya Ramadhani ya mwaka ule, na Idd nayo, viliangukia ndani ya kizuizi, na misikiti imefungwa.

Asiyeujua mtaa huu huenda asione ajabu iko wapi. Mji wa Kale wa leo hauna ukuta. Ukitembea kutoka Ndia Kuu ukielekea Marikiti, hakuna mahali unapoweza kuweka kidole ukasema hapa ndipo unapoishia. Mama yuko huku, binti ameolewa Majengo, na kati yao ni mwendo wa kwenda na sufuria ikafika bado ya moto. Wenye watoto Jeddah na Maskati walikuwa wameshazoea kutengana. Umbali ule una simu zake, una masanduku yake, una msimu wake wa kurudi. Hiki kilikuwa kitu kingine. Mtu alitenganishwa na nduguye na vyuma vya polisi vilivyosimamishwa njiani, na wote wawili wanasikia adhana ileile. Hilo ndilo walilotaka akina mama lionekane, na ni gumu kulionyesha kwa kitambaa.

Kazi ya kwanza

Binti alianza palipo rahisi. Aliomba kila nyumba itoe leso (kanga) moja kuukuu iliyotumika wakati wa kufungwa, akazikata, akaziunganisha zikawa nguo moja kubwa, na mishono akaitia uzi mwekundu mnene ili ionekane kama mipaka ya vichochoro. Mkono wake ni mzuri, hilo halina ubishi. Ikatundikwa ukutani kwenye ua wa nyumba moja kongwe, ikamulikwa taa. Watu waliingia wakasema mashallah, wakapiga picha, wakanywa sharubati, wakaenda zao.

Bibi yake ndiye aliyesema la maana jioni ile. Alikaa mbele ya ile nguo kitambo, kisha akauliza, "Nzuri, mwanangu. Sasa hapa nani amezuiwa?"

Swali hilo limebeba uchambuzi wote. Nguo ya ukutani ina upande mmoja. Waliokuwa ndani mwaka ule na waliokuwa nje walisimama pamoja, bega kwa bega, wakiangalia kitu kilekile kwa pembe ileile. Tena vipande vilikuwa vimeshashonwa, yaani kutengana kumekwisha kabla mgeni hajavua viatu. Na kuna tatizo la tatu ambalo msanii wa kwetu lazima alijue: macho ya Mombasa yameshazoea leso nyingi zilizotundikwa pamoja. Ni pambo la arusi. Ukizitundika, mtu anafurahi tu, mwili wenyewe unafurahi, hata kabla hajauliza kuna nini.

Wasanii wa nguo walioshughulika na mipaka kwingineko wamekutana na jambo hilihili, na waliofanikiwa hawakuenda ukutani. Wanawake waliopiga kambi Greenham Common, Uingereza, kuanzia 1981 wakipinga makombora ya nyuklia, walifuma nyuzi na kufunga nguo za watoto kwenye uzio wenyewe wa kambi ya jeshi. Hawakuchora uzio, waliushika. Christo na mkewe Jeanne-Claude walisimamisha California mwaka 1976 pazia la nailoni nyeupe lenye urefu wa karibu kilomita 40 na kimo cha mita 5.5, likapita kwenye ardhi za familia 59 za wafugaji hadi likaingia baharini. Lilikaa wiki mbili tu. Kilichochukua miaka ni kuwaendea wale wafugaji mmoja mmoja, na vikao vya hadhara, na kesi mahakamani, ili nguo ipite mipakani mwao. Nadhani kazi hasa ilikuwa hiyo ya kuomba njia. Pazia lilikuwa risiti yake.

Mfano mwingine nilimpa binti mwenyewe, maana una kipimo ndani yake. Ile blanketi kubwa ya kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1987, ina vipande vya futi 3 kwa 6, karibu kiasi cha kaburi la mtu mmoja. Mwezi Oktoba mwaka uleule ilitandazwa Washington ikiwa na vipande 1,920. Mtu anatembea kando yake na kila hatua mbili tatu anapita ubavuni mwa mwili. Leso nayo imekatwa kwa kipimo cha mwili: mita moja na nusu hivi kwa mita moja na kitu, inatosha kumzunguka mwanamke kifuani ikamfunika hadi muundini. Ukiichana vipandevipande ili ionekane ya kisanii, umeutupa mwili uliokuwamo. Kazi ya kwanza ilifanya hivyo.

Meza ya duka

Mambo yaligeuka Biashara Street, mtaa wa Mombasa zinakouzwa leso za "Mali ya Abdulla", za biashara iliyoanza 1887. Binti alikwenda kununua leso mpya za jaribio la pili akiwa bado hajui atazifanyia nini. Muuzaji akamkunjulia doti mezani.

Kila mwanamke wa pwani anajua doti huuzwa haijakatwa. Leso mbili, pindo zake, miji yake (pale katikati) na majina yake (maneno yaliyochapwa) vinafanana, zimeshikana katikati kwenye kamstari kembamba. Unainunua, unampa fundi wa cherahani, anakata pale katikati na kupinda zile ncha, basi. Moja unajifunga, ya pili unajitanda. Au unampa shoga yako moja, nanyi mkawa sare. Ni jambo la dakika chache na hakuna anayelifikiria. Binti akamwona fundi amekwisha kuuchukua mkasi, akamwambia asikate.

Wazo likawa jepesi mno, na mimi napenda wazo linaloweza kuelezwa kwa pumzi moja: funga kamba katikati ya ua, itupie doti isiyokatwa juu yake. Leso moja inaning'inia huku, moja inaning'inia kule. Ni pazia, limewatenga watu. Na ni nguo moja.

Hapa pwani nguo imefanya kazi hiyo ya kupanga nani aonwe na nani kwa muda mrefu sana. Lamu palikuwa na shiraa, nguo kubwa iliyoinuliwa kwa vijiti na wajakazi ili bibi mwenye nyumba apite njiani bila kuonekana; alikuwa anatembea na kuta zake. Buibui likaja na mwanamke akajibebea mwenyewe. Misikitini na kwenye maulidi pazia linatenga wanawake na wanaume, na kila aliyekulia nyuma ya pazia hilo anajua kwamba sauti inapita, harufu ya udi inapita, watoto wanapita watakavyo. Kwa hiyo binti hakuhitaji kuwaeleza watazamaji wake alama yoyote. Alichotakiwa kuamua ni nani asimame upande gani. Uamuzi huo ndio uliokosekana mara ya kwanza.

Ilivyotundikwa

Doti nane zilitosha upana wa ua. Kila moja ilipewa watu wawili: mmoja aliyekuwa ndani ya Mji wa Kale wakati wa kufungwa, mmoja wa damu yake aliyekuwa nje. Wa ndani waliingia kwa mlango wa njia kuu, wa nje kwa mlango wa kichochoroni, na hakuna aliyeruhusiwa kuzunguka.

Kamba ya nguo ya kawaida ililegea katikati, leso za pale zikaburura sakafu. Mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia akaja na kamba ya jahazi na fundo ambalo hakutaka kumwonyesha mtu, na toka hapo haikushuka hata kidole. Kimo kiliwekwa mita mbili. Kwa kuwa kila nusu inashuka mita moja na nusu, chini ikabaki nafasi ya nusu mita. Sina hakika kama binti alilikusudia hilo, na sikumuuliza, lakini ndilo lililofanya kazi kubwa: ukisimama mbele ya leso yako humwoni mwenzako, unaona miguu yake. Champali zake. Hina kama amepaka. Namna anavyohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Mama mmoja aliangalia kidogo akacheka peke yake, "Huyu ni dada, kidole chake kile."

Leso zilikuwa mpya. Binti alitaka zifuliwe zilainike, akina mama wakakataa katakata. Leso iliyofuliwa imeshavaliwa, na hizi hazina mwenyewe bado. Zikatundikwa na wanga wake, zimekakamaa, na ule mnuko wa leso mpya ukajaa uani.

Tena kuna jambo la jina. Kwenye doti, maneno yanakwenda kwa urefu wa nguo. Ukiikunja juu ya kamba, jina linasimama wima. Upande mmoja unalisoma kutoka chini kwenda juu, upande wa pili kutoka juu kuja chini. Kwa hiyo wote waliokuwapo walilazimika kuinamisha kichwa ili wasome, wa huku kwa bega la kushoto, wa kule kwa bega la kulia, bila kujua kwamba mwenziwe nyuma ya nguo anafanya vilevile. Mimi niliyekuwa ukingoni mwa pazia na karatasi zangu niliwaona wote. Ningelipa kiingilio kwa hilo peke yake.

Jina na ugomvi wake

Kuchapisha leso yenye jina lako mwenyewe kunataka oda kubwa kuliko mfuko wa chama, kwa hiyo walichagua katika zilizopo dukani. Binti alitaka "Macho hayana pazia." Bibi zake wakampigia kelele: maneno hayo ni ya vijana wanaotupiana jicho, yatawekwaje mbele ya watu wazima? Wakaishia na "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Mweka hazina ndiye aliyeamua, kwa sababu rangi ilikuwa ya heshima na ndiyo pekee iliyokuwa na doti nane za namna moja. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mmoja wa waliokuwa ndani mwaka 2020 ni mjane anayeishi peke yake. Ramadhani ile alifuturishwa na jirani wa ukuta kwa ukuta, kila siku, sahani inapita dirishani. Dada yake wa tumbo moja, aliyekuwa Majengo, hakuonekana kizuizini ila mara moja. Jioni ya pazia, mjane alisimama mbele ya leso yake, dada upande wa pili, na jirani, naye ni wa ndani, leso ya tatu kutoka hapo.

Jirani alisoma. Akasoma tena. Kisha akasema, si kwa kunong'ona, "Ahaa. Basi mimi ndiye mla naye."

Upande wa pili dada naye alikuwa amesoma maneno yaleyale, akayapokea kwa njia nyingine kabisa. Aliona ndugu yake amemchagulia kijembe: mzaliwa nami ulikuwa wapi? Akajibu kwa sauti kupitia kitambaa. Mjane katikati anaapa kwamba hakuchagua yeye, na mweka hazina anasema rangi, rangi, jamani ilikuwa ni rangi.

Ua mzima ukavurugika kwa muda. Binti alitaka kulia. Alinifuata mlangoni akaniuliza kama abadilishe leso kabla ya jioni ya pili. Nilimwambia asithubutu, na bibi yake alimwambia vivyo hivyo kwa maneno makali kuliko yangu.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo penye uzito. Leso haisemi peke yake. Ina mvaaji. Ukimwona jirani amejitanda "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake," unajua ni yeye anayesema, na kama mliteta juzi unajua anakuambia wewe. Jina linatoka kwenye mwili mmoja kwenda kwa mwingine. Ukiliondoa mwilini ukalitundika ukutani, linakuwa methali ya kila mtu, haliumi. Ukilitundika kwenye kizuizi, baina ya watu wawili wanaojuana, halina mvaaji lakini bado lina mlengwa. Kila mmoja anamtafuta msemaji, na msemaji aliye karibu zaidi ni yule aliye nyuma ya nguo. Maneno yaleyale yamechapwa pande zote mbili, na kila upande unaamini yametoka kwa mwenzake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa 2020 yenyewe. Amri ilikuwa moja na waliotengwa wote walitengwa nayo sawa, lakini mtu hakumnunia aliyetoa amri. Alimnunia dada asiyefika kizuizini, au mama asiyepokea simu. Kazi ya kwanza ilisema tuliteseka pamoja. Ya pili ilichimbua kilichobaki miaka yote ile bila kusemwa, na ikaonyesha jambo ambalo msanii hakulichora: mpaka mchungu zaidi haukuwa pale kwenye kamba. Ulikuwa baina ya mjane na jirani yake, wote wawili wa upande mmoja, ambao mmoja alilisha na mwingine hakuwahi kushukuru vya kutosha kwa sababu alikuwa akimngoja wa damu.

Jioni ya pili ndugu wawili walirudi, wakasimama palepale. Jirani hakurudi.

Yaliyonisumbua

Kazi ina kasoro na sioni sababu ya kuzifunika. Wanaume hawakupewa upande. Walikaa barazani nje, wakasikia ugomvi, wakauliza kuna nini. Wamo humo waliotenganishwa na wake zao wiki nne nzima. Waliwekwa kando kwa kuwa leso ni nguo ya kike, na binti hakutafuta njia. Kikoi kingeweza kusema kitu hapo. Sijui kama kingefaa juu ya kamba, hakina jina wala jozi, lakini halikujaribiwa.

La pili ni la wageni. Wawili watatu waliingia, watu wa bara na watalii, wakasimama mbele ya leso ambayo nyuma yake hakuna ndugu yao. Kwao lilikuwa pazia zuri. Hivyo basi kule kulipeleka Nairobi likatundikwe ukumbini, kama binti alivyokuwa akitamani, kungelirudisha kwenye hali ya kazi ya kwanza. Kama anataka lisafiri, itambidi aanze upya kila mji: atafute mtaa uliofungwa, watu waliotengwa, na leso ambayo jina lake litawauma wao. Eastleigh ilifungwa siku ileile na Mji wa Kale. Hilo angeanza nalo.

Kukata

Swali la mwisho lilikuwa la mali. Binti aliona doti nane zisizokatwa ndizo kazi yenyewe. Zikikatwa, kazi imekufa. Akina mama waliona ni leso, zimenunuliwa kwa pesa ya chama, na leso isiyokatwa haivaliki. Nilimkumbusha binti kwamba lile pazia la California lilipoteremshwa, kitambaa chake walipewa wafugaji ambao ardhi zao lilipitia. Hakufurahi, ila alikubali.

Fundi akaitwa na cherahani yake. Akazikata moja moja juu ya meza ya uani, akazipinda, nusu kwa wa ndani na nusu kwa wa nje. Mjane alichukua yake na dada yake akachukua yake. Doti moja ilibaki nzima, kwa kuwa mwenye upande wa nje alikuwa amesafiri na mwenye upande wa ndani alikataa ikatwe hadi arudi. Binti akaiomba hiyo kwa ajili ya kumbukumbu zake. Mweka hazina alisema ataipata mwenye wa nje asipotokea hadi mwisho wa mwezi, na akishalipa bei yake kamili ya duka.